Sumu ya Ngari

Ngari, yule muuza miche wa Kiminini, hakuwa mtu wa kusifiwa, na sitaanza leo kumpaka mafuta. Alikuwa na mkono wa birika na ulimi wa wembe, na kicheko chake kilitoka pale tu mwenzake anapojikwaa. Mteja akimuuliza bei ya mche wa parachichi mara mbili, anaambiwa aende akapande mawe. Lakini mimea aliijua. Hilo hata maadui zake, nao hawakuwa haba, walilikubali.

Baba yake alitoka Murang'a akaja Trans-Nzoia kulima shamba la mzungu, na mzungu alipoondoka akapata ekari chache kupitia chama cha wanunuzi wa ardhi. Zikagawanywa, zikagawanywa tena, na Ngari akaangukia ekari moja na nusu inayoteremka hadi mtoni. Haikumtosha. Akaenda kufanya kazi ya bustani katika shule moja ya mabweni mjini Kitale, miaka ishirini na minne, na huko ndiko alikofunguka macho. Mwalimu mmoja wa biolojia alimpitisha kichaka kwa kichaka: huu wa kufukuza mbu, huu wa chai, huu usiuguse kisha ukalamba kidole. Aliomwonya zaidi juu yake ni oleanda, ule mmea wa majani membamba na maua ya pinki unaopandwa kwenye malango ya watu wenye magari. Jani lake, ua lake, gome lake, vyote vinasimamisha moyo. Na jani likikauka ndilo baya zaidi, mwalimu alisema, maana uchungu unapungua na sumu inabaki.

Siku moja Mwihaki, binti yake, akiwa na miaka minne, alimfuata kazini akachuma ua la oleanda akalitia mdomoni. Ngari alimpiga kofi ua likaruka, akamsugua ulimi kwa maji na kitambaa mpaka mtoto akatapika, kisha akaketi kwenye nyasi akalia mbele ya wanafunzi. Hiyo ndiyo mara pekee watu walimwona akilia. Wavulana wake wawili walikua wakamkimbia, mmoja Nairobi, mwingine sijui Nakuru sijui Naivasha, na simu zake hawakuzipokea. Mwihaki ndiye aliyebaki. Hata alipohamia Bungoma kushona nguo alimpigia baba yake kila Jumapili bila kukosa, na Ngari, pamoja na ukali wake wote, aliishi kwa simu hiyo. Ikichelewa hata nusu saa, mkewe Rosaline alijua asimsemeshe.

Sasa tumbili. Miti ya kando ya mto ilijaa tumbili, na mahindi yakifika ya kuchoma wanateremka kijiji kizima, na watoto mgongoni. Majirani walilinda kwa mbwa, kombeo na kupiga debe. Ngari aliona hiyo ni kazi ya watu wasiosoma. Alipostaafu alipanda fensi ya oleanda upande wote wa mto, akatangaza sokoni kwamba tumbili atakayeigusa hatafika juu ya mti akiwa hai. Watu wakangoja. Tumbili wakaja, wakakalia oleanda ile ile kama benchi la kanisa. Mmoja akavunja tawi, akalinusa, akalitupa, akarukia ndani kula mahindi. Ngari akaponda majani akayaficha ndani ya ndizi mbivu. Tumbili wakazimenya, wakazinusa, wakamtupia juu ya mabati. Kiminini nzima ilicheka mpaka ikashika mbavu. Tangu hapo kitu chochote kikishindwa kufanya kazi, redio mbovu, dawa bandia ya panya, watu wanasema hiyo nayo ni sumu ya Ngari.

Kilichomchoma ni kwamba sumu ilikuwepo, na yeye alikuwa na ushahidi ambao hangeweza kuutoa. Mwaka wa pili wa fensi, Rosaline akiwa Kitale kwa kongamano la akina mama wa kanisa, Ngari alinasa tumbili mchanga kwa kitanzi cha waya. Akamfunga kwenye nguzo ya banda la ng'ombe, akamwekea maji na majani ya oleanda, basi, hakuna kingine. Siku ya kwanza tumbili hakuyagusa. Siku ya pili aliyatazama. Mama yake alikuwa juu ya mti akipiga kelele mchana kutwa, hashuki, haondoki. Mwihaki, wakati huo ana miaka kumi na minne na yuko nyumbani kwa likizo, alimsihi baba yake amfungulie. Akaambiwa aingie jikoni. Siku ya tatu tumbili alikula, akala kwa sababu tumbo lilikuwa limemshinda, na jioni alikuwa amekufa, mikono bado imekumbatia nguzo.

Ngari alifungua ule waya polepole, akiwa ameridhika kabisa. "Huko nje angenusa akapita," akamwambia binti yake. "Aliyefungwa anakula anachopewa."

Kisha akamkanya asimwambie mtu, hata mama yake, maana askari wa wanyamapori wangekuja kumtia ndani. Mwihaki hakusema. Miaka kumi alikaa na jambo hilo, akala naye meza moja, akampigia simu kila Jumapili, na hakusema. Na watu wakaendelea kucheka sumu ya Ngari, wakiwa na hakika kwamba ile oleanda ni maua tu ya kupendeza.

Mwihaki alipopata mchumba, alimpata huko huko Bungoma. Kijana anaitwa Nakhungu, fundi wa pikipiki, mikono imejaa grisi lakini maneno yake safi. Alilelewa Misikhu na mama mjane, nasi tutamwita mama Nakhungu kama walivyomwita kwao. Huyo mama alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa. Maziwa yake yalikwenda kwenye vibanda vya chai vya Misikhu kila asubuhi, na ndiyo yaliyomsomesha Nakhungu. Ng'ombe alikuwa amezeeka, lakini alikuwa na mtamba wake, mwekundu mwenye baka jeupe usoni, karibu kufika umri wa kupandwa. Mama Nakhungu alikuwa anamlea huyo mtamba aje ashike nafasi ya mama yake.

Siku hizi watu wakikaa kupanga mahari, mbuzi na ng'ombe wanageuzwa kuwa bahasha ya pesa, mambo yanaisha, watu wanakula. Ngari alikataa bahasha. Alikuwa amefika Misikhu, amenyweshwa chai ya maziwa yale, amezungushwa kwenye boma, na amemwona mtamba. Akasema anamtaka yule, na kama si yule wasijisumbue kurudi. Wazee wa upande wa kijana wakamweleza kwa upole kwamba mama wa watu hana mwingine. Ngari akawatazama mmoja mmoja.

"Ndiyo maana nikamtaja," akasema. "Kitu kama hakiumi, hiyo si mahari."

Rosaline aliona haya akainamia vikombe. Mama Nakhungu alifuta uso kwa ncha ya leso, akasema mtamba ataletwa. Hakutaka mwanawe akose mke kwa ajili ya ng'ombe.

Ikafika Jumamosi ya kuleta mahari. Huku kwetu lango la nyumba yenye sherehe linajengewa tao: migomba miwili inasimamishwa huku na huku, inafungwa juu, halafu inapambwa kwa majani na maua. Kazi hiyo ilikuwa ya Chepkemoi, jirani, mwanamke mwenye mkono mzuri wa mapambo. Alimwomba Ngari maua ya waridi kutoka kitaluni. Ngari akamjibu kwamba waridi ni ya wateja, sherehe au si sherehe, na kama anataka maua ateremke akakate kwenye fensi, huko ni bure. Chepkemoi akauliza kwa mzaha kama hatakufa. Ngari akamwambia yeye si tumbili. Basi akakata matawi ya oleanda, mzigo mzima, akayasuka kwenye ile migomba tangu chini hadi juu, na tao likatoka zuri hata wapita njia wakasimama kupiga picha.

Mtamba alipita chini yake adhuhuri, ameoshwa, amefungwa leso mpya shingoni. Mama Nakhungu ndiye aliyeshika kamba. Alimweleza Rosaline kwamba huyu anapenda chumvi, anapenda kukunwa hapa chini ya shingo, na hajawahi kulala peke yake. Ngari akauliza kwa sauti, mbele ya wageni wote, kama huyu ni ng'ombe au ni mbuzi aliyepakwa rangi. Wageni wakacheka, kwa sababu chakula kilikuwa chake. Mama Nakhungu naye akajikaza akatabasamu.

Jumapili alfajiri Mwihaki alipanda gari la kwanza kurudi Bungoma. Mchana, baada ya kanisa, Rosaline na Chepkemoi wakashusha tao. Tao halitupwi huku kwetu. Migomba ina maji na ng'ombe wanaipenda, kwa hiyo inakatwakatwa inatiwa kihorini. Rosaline alimuuliza mumewe yale matawi yaliyonyauka wayaweke wapi. Ngari alikuwa amesimama mwisho wa shamba na kombeo mkononi, tumbili wako mahindini wanamtazama, na hakugeuza hata shingo. Akajibu kwamba kila kitu kiende kwa kihori, kisitupwe kitu, asije mtu wa Misikhu akasema ng'ombe wake analala njaa. Wakafanya hivyo. Kwa nini waogope? Miaka kumi tumbili walikuwa wakikalia majani hayo. Na mtamba, mgeni, mwenye njaa ya safari, amefungwa kamba fupi mahali asipopajua, alikula mgomba na kilichokuwa juu ya mgomba.

Jumatatu asubuhi Ngari alimkuta amelala ubavu, miguu imenyooka, ulimi umetoka. Kabla hajamgusa alitazama kihori. Ndani mlikuwa na vijiti vitupu vya oleanda vilivyomenywa majani, na maua machache ya pinki yamegandamana kwenye mbao. Fensi ni yake. Neno la kukata matawi ni lake, na neno la kutotupa kitu ni lake. Akaokota vile vijiti kimoja kimoja, akafuta maua kwa kiganja, akavizika vyote ndani ya lundo la mbolea, ndipo akapiga kelele.

Huku kwetu ng'ombe akifa ghafla watu hawakai kulia, wananoa visu. Mume wa Chepkemoi alikuja na panga, wengine na karai na ndoo. Ngari akasimama mbele ya mzoga. Akiwaacha wale nyama ile, huenda akaua kijiji. Hapo hakuwa amefika, tumpe haki yake. Akisema kwa nini wasile, saa sita haitafika kabla Mwihaki hajaambiwa. Na Mwihaki atamkumbuka tumbili. Nusu dakika hivi alisimama, mdomo wazi, na ungeapa kwamba atasema.

"Msimguse," akasema. "Ni kimeta. Wametuletea ng'ombe wa kimeta."

Watu wakarudi nyuma kama waliomwagiwa maji ya moto. Kimeta kinaua ng'ombe na kinaua mtu, kila mkulima anakijua. Na jambo moja zaidi ambalo Ngari alilijua vizuri: mzoga wa kimeta haupasuliwi. Unazikwa mzima kwa chokaa, na chochote kilicho tumboni kinazikwa nao.

Daktari wa mifugo, Kipketer, alikuja kutoka Kitale kwa pikipiki. Alichukua damu ya sikioni ipelekwe maabara, akasimamia shimo refu na chokaa, akauliza mtamba alikula nini. Ngari akasema ni majani ya nepia tu. Aliichoma hata kamba ya mtamba, na leso, mbele ya watu, ili waone jinsi anavyoogopa. Kipketer akapigia simu ofisi ya mifugo ya Bungoma, amri ikapelekwa Misikhu: maziwa ya yule ng'ombe mama yasiuzwe hata kijiko mpaka majibu yatoke.

Jamani, habari mbaya haingoji lami. Jioni ile ile vibanda vya chai vya Misikhu vilimwaga maziwa, vikasugua sufuria kwa mchanga. Kesho yake wanawake waliokuwa wakimwita mama Nakhungu dada wakavuka barabara wakimwona. Kwenye mkutano wa kanisa alifika na chupa yake ya chai kama kawaida, akaombwa kwa adabu airudishe nyumbani. Ng'ombe lazima akamuliwe, kwa hiyo kila asubuhi alimkamua, akaibeba ndoo nyuma ya nyumba, akamwaga maziwa kwenye shina la mgomba, akiwa amegeuza uso. Siku kumi alifanya hivyo. Bungoma nako watani wakamwita Nakhungu fundi wa kimeta. Jumapili Mwihaki alimpigia baba yake akilia, akamwomba angalau azungumze na mama wa watu kwa upole. Ngari akamwambia ajiulize ni watu gani hao anaoingia kwao.

Siku ya kumi na moja Kipketer akapiga simu. Damu ilikuwa safi, hakuna kimeta. Huyo ng'ombe alikula kitu, mzee, akasema, tafuta ni nini kabla hakijaua mwingine. Kisha akamwomba awaambie wakwe zake siku hiyo hiyo, maana barua ya ofisi hadi Bungoma itachukua muda, na yule mama anateseka bure. Ngari akasema atawaambia.

Aliketi katikati ya miche yake, simu bado ina joto mkononi. Angeweza kusema hata wakati huo. Aibu ya wiki moja, watu wanacheka, yanapita. Lakini mtu wa aina yake akiwazia kuchekwa, anaona afadhali mwenzake afe. Na akafikiri hivi: mtu anayeombwa msamaha haulizwi maswali. Akampigia mama Nakhungu. Hakumwambia kuhusu damu. Alimwambia kwamba ameleta kifo kwenye boma la watu, na kama anataka yaishe, amlete yule mama wa mtamba Jumamosi. La sivyo Mwihaki anarudi nyumbani.

Mama Nakhungu alimpigia Mwihaki usiku huo huo, analia, lakini analia kwa nafuu. Baba yako amekubali kutusamehe, akasema. Mwihaki aliweka simu chini akaitazama cherehani yake kwa muda mrefu. Baba yake alichoma mpaka leso. Mtu anayeamini kwamba kimeta kilimuua mtamba, anamtakaje mama yake aje alale kwenye banda lile lile? Alilizungusha swali hilo mpaka kukakucha, na kila alipolizungusha, alimwona tumbili amekumbatia nguzo.

Jumamosi waliteremka pamoja kwenye pikapu, Mwihaki, Nakhungu, mama yake na yule ng'ombe mzee, kiwele kimejaa, macho mapole. Majirani walikuja kutazama kwa mbali. Ngari alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Mama Nakhungu aliingia na kamba, akapiga magoti kwenye vumbi, mwanamke wa miaka sitini.

"Baba Mwihaki, nisamehe," akasema. "Sikujua kama tuko na ugonjwa. Nimereta mama yake. Mimi sina ingine."

Ngari alinyoosha mkono kupokea kamba. Jibu la daktari lilikuwa ndani ya kichwa chake, na mkono ulinyooka bila kutetemeka. Hapo ndipo nilipomchukia kabisa.

Mwihaki hakuwa amefika uani. Alikuwa amesimama langoni. Kwenye nguzo, karibu na ardhi, palikuwa na fundo moja la kamba ya mgomba ambalo wanawake walisahau kulikata, na ndani yake kitawi kimekauka, majani membamba, marefu, ya kijivu. Alilifungua kwa kucha, akakichukua kile kitawi. Akamwendea Chepkemoi akamuuliza tao lile lilipambwa kwa nini na likaenda wapi. Chepkemoi, ambaye hakuona ubaya wowote, akajibu watu wote wakisikia: maua ya fensi, na vyote wakampa mtamba, si mzee mwenyewe alisema kisitupwe kitu.

Ngari akacheka, kile kicheko chake. Akasema hayo ni maua tu. Akawauliza majirani ni tumbili wangapi wamewahi kufa hapa, si wao wenyewe humcheka kila siku kwamba sumu yake haiui hata siafu? Majirani wakatazamana, na wengine wakatikisa kichwa kukubali, maana ni kweli walicheka.

Mwihaki alichuma jani moja kutoka kile kitawi. Akaushika mkono wa baba yake, ule ule uliokuwa unangoja kamba, akaliweka jani kiganjani.

"Kama ni maua tu, Baba, tafuna."

Ngari alilitazama. Akamtazama mkewe, ambaye alikuwa ameweka mkono mdomoni. Akainua kiganja hadi karibu na midomo, watu wote wakaona, na kikakaa hapo. Kikakaa. Ng'ombe alipiga mkia. Kisha mkono ukashuka, na jani likaanguka chini, na Ngari akalifunika kwa kiatu.

Mama Nakhungu alisimama akapangusa magoti, akauvuta ule uso wa ng'ombe ukageuka kuelekea lango. Alipompita Mwihaki alimshika bega. "Twende, mama," akamwambia. Mwihaki akaenda. Pikapu ilikuwa imeondoka, wakatembea wote hadi barabarani na ng'ombe katikati, jua la saa nane, Kiminini nzima inatazama. Ngari alimwita binti yake mara moja tu. Hakugeuka.

Walifunga ndoa Misikhu, na Rosaline alikwenda peke yake. Wateja wa maziwa walirudi mmoja mmoja, wengine hawakurudi kamwe, maana jina la kimeta likishakushika halikuachi kirahisi. Mwaka uliofuata ng'ombe mzee alikauka maziwa, na mtamba wa kushika nafasi yake alikuwa chini ya chokaa Kiminini. Mama Nakhungu siku hizi anauza sukuma wiki. Simu ya Jumapili haikulia tena. Ngari alikata oleanda yote, akachimba hata mizizi, na tumbili hawakuona tofauti.

Mtoto wa Mwihaki alipozaliwa, Ngari alimtuma Rosaline amwombee ruhusa ya kwenda kumwona. Rosaline alirudi na jibu, akalisema bila kuongeza wala kupunguza: aje, lakini akifika kwangu atakula nitakachompa, na hataniuliza ni nini.

Alikwenda. Alinyoa ndevu, akavaa koti lile, akaondoka asubuhi bila hata chai kwa wasiwasi. Mwihaki alimkaribisha vizuri, akamwita Baba, akamwonyesha mtoto bila kumpa amshike. Kisha akaingia jikoni akatoka na sahani iliyofunikwa. Akaiweka kwenye stuli mbele yake, akaifunua: ugali, na mboga za majani zilizokaangwa, nyeusi, zimekatwa nyembamba sana. Akasimama na mtoto mgongoni akamtazama.

Ngari alinawa mikono. Akamega ugali, akaufinyanga, akaushika. Aliziangalia zile mboga mpaka zikapoa. Akatafuta kitu usoni mwa binti yake, hata hasira ingemtosha, na hakuona kitu.

Akarudisha tonge kwenye sahani, akasema hana njaa. Mwihaki akaketi, akaivuta ile sahani, akala chote polepole mbele yake, kisha akaenda kuosha vyombo.